Mtoto wa Kwenye Picha Siyo Mimi

Admin, jina langu lifiche kabisa, wanangu wanaufuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka sabini na mbili, naishi peke yangu hapa Kakese, Mpanda. Shule niliishia darasa la tatu, nisomeni hivyo hivyo.

Kijana wangu mkubwa yuko Dar. Anatengeneza kitabu cha ukoo wetu, wazee waliotangulia na habari zao, kila mjukuu apate chake. Zamani alikuwa anapiga simu sikukuu kwa sikukuu. Tangu aanze kitabu anapiga kila jioni. "Mama, nipe habari za babu." Nami nampa, babu yake, yaani baba yangu, alivyochimba madini ya risasi mgodini miaka ya hamsini, alivyorudi na blanketi jipya akatufunika wote. Naongea mpaka ugali unapoa.

Mwezi uliopita walikuja yeye na mkewe, akatoa ile picha moja tuliyo nayo ya miaka hiyo. Baba amesimama, mkono wake begani kwa katoto kenye gauni la mistari. Nyuma pameandikwa jina langu. "Mama, kumbe huyu ni wewe!" Mkewe akadakia, "Ndiyo maana mwanangu mchokozi, katoa kwa bibi yake. Ona macho hayo!" Wakacheka, wote wananiangalia mimi. Lini watu waliniangalia vile? Nikasema, "Ndiyo, ni mimi."

Siyo mimi. Ni dada yangu. Alikufa kwa surua kabla sijazaliwa, mimi nikapewa jina lake lisipotee, ndivyo kwetu walivyofanya. Mama alinionyesha picha ile mara moja tu, tukimenya karanga. "Huyo ndiye mwenye jina," akaniambia. "Usimtaje. Nikikuita wewe nasikia nyayo za wawili." Akaendelea kumenya. Sikuuliza tena. Ila utoto wangu wote, mama akiniita nikafika, alitazama kwanza nyuma yangu.

Waliomjua wote wamekwisha. Nimebaki mimi, na mimi sikumwona. Ijumaa kitabu kinapelekwa kuchapwa. Kijana kanisomea kwenye simu, watoto wa babu kawaandika watano. Tulikuwa sita. Nikisema, nitaonekana muongo, hata ya blanketi hawataamini. Na naogopa, jamani, simu za jioni zitakoma. Nikinyamaza, dada amekwisha kabisa, na aliyemmaliza ni mimi.

Jana nilijikaza. "Mwanangu, kuna mtu umemwacha."

"Nani huyo, mama? Mtaje nimwandike."

Nikalitaja jina. Akaangua kicheko. "Mama bwana! Si wewe huyo? Uzee huo!"

Nikacheka naye. Akaniaga, nikabaki na simu sikioni.

Nyie wenye wazazi, na nyie mliobeba majina ya watu, nishaurini. Mngekuwa mimi mngefanyaje? Leo jioni atapiga tena.