Udhu Wangu Ulikuwa Haukai

Dada zangu, mie ni mwalimu wa chuo cha Kurani, nnasomesha wasichana na kina mama huku nyuma ya mtaa wa Mlandege. Kabla sijazaa sauti yangu ikisikika mpaka barabarani. Wanafunzi wakiniogopa, na mie nikipenda kuogopwa. Leo nnasema mambo ambayo mwalimu hayasemi. Mwenye kuona haya azibe masikio, ila aliyezaa asizibe.

Mtoto wangu alikuwa mkubwa. Nilisukuma mpaka nguvu zikaniisha, wakamvuta kwa mashine, nikachanika. Mkunga akanishona, akasema, "Kidogo tu, kitapona." Mtoto nshampakata, analia, nani atauliza habari za nyuzi?

Nikaenda kukaa arubaini kwa mama, kijijini Fumba. Bi Mwanaidi, mkandaji wetu, akinikanda kwa maji moto, akinifunga mkaja tumboni, na kila asubuhi uji wa pilipili manga. Siku moja nimeinuka kumpokea mgeni, nikajamba kwa sauti. Nikacheka, mama akacheka. Kesho yake kikatoka na choo. Hapo sikucheka.

"Uji huo unakusafisha," akasema Bi Mwanaidi. "Ukitoka arubaini yatakwisha."

Arubaini ikatoka, uji ukakoma, choo hakikukoma.

Nikarudi kwangu, nikatia udhu nianze tena kusali. Sijafika kwenye msala, upepo umenitoka, udhu umetenguka. Nikatia tena. Nimerukuu, umetenguka. Nikakaa chini nikalia. Msinambie sheria, sheria naijua: mwenye udhuru hutia udhu kwa kila sala akasali hivyo hivyo. Mwenyewe nimeisomesha. Lakini nitakaaje mbele ya wanafunzi, msahafu mkononi, na mie nanuka? Nikipiga chafya nguo imechafuka. Nikawa navaa nepi, sawa na mwanangu. Chuo nikakiacha, watu wakasema mwalimu anadeka. Mume wangu, Hamadi, nikamhamisha kitanda, nikamwambia mtoto hataki kubanwa.

Mama akanipeleka kwa daktari. Mama yangu mtu wa heshima, neno chafu halimtoki. Mie sijafungua mdomo, keshasema: "Daktari, mwanangu tumbo linamsumbua tangu azae."

Daktari alikuwa kijana mwanamume. Nikainamisha kichwa. Akanipaka ile dawa ya utelezi tumboni, akapitisha kifaa cha altrasaundi. "Kizazi safi, figo safi. Huna ugonjwa, Bi."

Mama akashukuru. Mie nilitoka pale nimekata tamaa kabisa. Picha imesema sina kitu, basi yenye kasoro ni akili yangu. Bi Mwanaidi akaanza kunong'ona habari za shetani. Nikimtazama mwanangu amelala, nasema heri alelewe na bibi yake. Niliomba Mungu anichukue. Naam, niliomba hivyo, na mchana kweupe.

Hamadi alinikuta bafuni nafua nguo za ndani, machozi yanamwagikia ndooni. Akaziona nguo, akaelewa.

"Kumbe ni hili? Siku zote hizi? Yule daktari ulimwambia?"

"Mama alimwambia tumbo."

"Tumbo!" Akashika kichwa. "Vaa buibui twende. Na mara hii utasema wewe mwenyewe."

Hospitali nyingine tukapata daktari mwanamke, mtu mzima. Shikamoo, marahaba. "Haya mwanangu, nambie." Nikafumba macho. "Daktari, nnajamba bila ya kutaka, na mavi yananitoka."

Hakushtuka. Akauliza, "Ulichanika ulipozaa?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. "Basi picha ya tumbo haiwezi kuonyesha. Tutapiga kwa chini."

Kifaa ni kama kile cha kwanza, cha altrasaundi. Akakivisha mpira, akakiweka pale kati ya njia mbili, akanambia nibane, niachie, nibane. Kisha akanigeuzia kioo. "Duara hili ndio msuli unaofunga njia ya choo. Wako umekatika hapa juu. Walishona ngozi, msuli ukabaki wazi."

Nikaliona pengo, kama bangili iliyovunjika. Wallahi nililia kwa furaha. Sina shetani, sina wazimu, nna msuli uliokatika!

Nikafanyiwa operesheni, msuli ukaungwa. Sikudanganyeni, choo cha kwanza baada yake nilipiga kelele, Hamadi nje ya mlango anasoma dua. Yakafuata mazoezi ya kubana na kuachia, miezi na miezi. Hata leo nikiharisha sitoki nyumbani.

Namshukuru Mola, na daktari yule, na Hamadi. Bi Mwanaidi simlaumu. Siku hizi kila mzazi anayemkanda humuuliza, "Upepo unauzuia?" kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

Na wewe uliyezaa, ukavuja mkojo au choo, ukaambiwa ndio uzazi, usikubali. Lisemee mwenyewe, kwa jina lake, na uulize kama kuna picha ya huko chini.

Juzi nilitia udhu wa adhuhuri. Nikasali, nikasomesha, nikawapigia wanafunzi makelele yangu, nikapiga na chafya. Alasiri ilipoadhiniwa wenzangu wakakimbilia mferejini kutia udhu upya. Mie nikanyanyuka nilipo, nikasali kwa udhu ule ule.