Leseni ya Ulaya, Njia ya Makunduchi

Siku yangu ya kwanza kwenye meza ya leseni za wageni, miaka ile baada ya Mapinduzi, sikukaa kitini hata chai ikapoa. Kutulia sijui mimi, mpaka leo. Bwana Mkaguzi akanitazama nnavyozunguka, akanambia, "Bi Zuhura, mgeni usimhurumie hapa mezani. Mhurumie atakayekutana naye njiani."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mgeni akitaka kukodi gari, leseni ya kwao peke yake haikutosha, hata awe na kile kijitabu cha kimataifa. Mkaguzi alitoka naye barabarani kumjaribu, kwa kuwa wengi kwao hushika kulia na sisi kushoto, ndipo agongewe muhuri wa kibali cha muda. Bila ya muhuri, mwenye gari hatoi ufunguo.

Ijumaa moja Mkaguzi yuko shamba, nje ya mji, kikazi, akaingia mtu anatweta. Mzaliwa wa Makunduchi, dereva wa lori Ulaya miaka mingi. Mamake yu mahututi, magari ya abiria yameshaondoka, gari ya kukodi ameipata, kibali hana.

"Dada, mimi mtu wa hapa," akasema.

"Wewe wa hapa, leseni yako ya huko."

Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Mkaguzi, nikajikasirikia na mimi. Muhuri umo kwenye mtoto wa meza, mbele yangu. Sikuugusa. Nilifunga ofisi, nikachukua buibui na leseni yangu, nikamwambia twende, naendesha mimi. Watu watasema? Na waseme.

Njia nzima mguu wake ulikuwa unakanyaga sakafu. Tulipokata kona, gari la ng'ombe likatokea mbele yetu, naye akaurukia usukani, akauvuta kulia, kulekule lilikokuwa linakuja. Nilimpiga mkono, nikarudi kushoto.  Mikono akaikalia mpaka tulipofika.

Mamake alikuwa hai. Alimpapasa uso, akamwita kwa jina la utotoni. Magharibi akakata roho.

Jumatatu Mkaguzi akaniuliza, "Kibali ulimpa?"

"Sikumpa."

"Na mamake alimkuta hai?"

"Alimkuta."

Akanipa onyo kwa kuiacha ofisi, kisha akaagiza chai, yangu na yake.

Nshastaafu zamani, nakaa Mpendae. Wanangu wananambia, mama, tulia. Nitulie vipi? Honi ikilia nje nshasimama, natafuta buibui. Sijui ni nani huyo, wala anamuwahi nani.