Rangi ya Kijito cha Nyuma ya Shule

Sisi tuliosoma Kariobangi wakati sare ilishonwa kubwa ili ikungoje ukue, tunajuana hata tukipishana sokoni. Magoti yetu yana alama. Tulicheza kati, kukwepa mpira wa soksi na makaratasi ya nailoni, tukaruka blada, ile kamba ya mpira, mpaka mama akaita mara ya tatu, na ile mara ya tatu ilikuja na jina lako lote. Mchana tulikula githeri kwenye kopo la siagi, mahindi tele, maharagwe ya kutafuta. Hakuna aliyetuuliza kama kuna chakula kinachotudhuru. Kilichotudhuru ni kukikosa.

Na tulikuwa wanasayansi, msicheke. Mwalimu Wekesa, aliyetufundisha Sayansi darasa la sita, aliamua kwamba kijito kilichopita nyuma ya shule kinahitaji kuangaliwa kila siku kama mgonjwa. Vifaa vyetu vilikuwa chupa ya jemu, ukurasa wa gazeti na daftari la mistari. Kila asubuhi baada ya paredi, mimi na Mutheu, niliyekaa naye dawati moja, tulishuka kuteka maji. Chupa iliwekwa mbele ya gazeti. Ukisoma herufi kupitia maji, afadhali. Kisha ikaja zamu ya harufu. Mutheu alikuwa na mwandiko mzuri, akapewa daftari. Mimi nikapewa kunusa.

"Nafula," Mwalimu alisema mbele ya darasa zima, "Mungu amekupa pua. Wacha tuitumie."

Walinicheka wiki nzima. Siku hizi mzazi angefika ofisini kwa mwalimu mkuu kabla ya saa nne. Wangu aliposikia alishangaa jambo lingine kabisa: "Nakupeleka shule usome, wewe unaenda kunusa mtaro?"

Muhula ulipofika katikati, niliona kitu. Jumanne moja maji yalikuwa mekundu, mekundu kabisa kama juisi ya sherehe, lakini Mutheu akaandika "kahawia". Jumanne iliyofuata vivyo hivyo. Na yalinuka siki. Jumatatu iliyofuata jioni nilipitia kwao, upande wa juu wa kijito, kama nilivyozoea, maana mama yake hakuruhusu mtoto aondoke bila kula. Mama Mutheu alisuka viondo vya kuuza soko la Muthurwa. Uani palikuwa na sufuria kubwa juu ya kuni, nyuzi za mkonge zikichemka katika rangi nyekundu. Pua yangu ikafanya kazi yake. Siki.

Nilimvuta Mutheu kando. "Mbona unaandika uongo?"

Macho yake yalijaa machozi papo hapo. "Ukisema, mama atakatazwa kazi. Baba hana kazi tangu Krismasi. Tutarudi nyumbani Machakos, na mimi shule nitaacha. Nafula, tafadhali."

Nikanyamaza. Mtoto wa miaka kumi na miwili angefanya nini? Kila Jumanne nilisema "siki kidogo", naye akaandika "hakuna harufu", na tukarudi darasani bila kutazamana.

Sasa, darasa la kwanza walikuwa na kitalu chao cha sukuma wiki kando ya kijito, na walimwagilia kwa mikebe yenye matundu, wakiimba. Asubuhi moja miche yote ilikuwa imelala, majani yamekauka pembeni. Mwalimu Wekesa alikasirika. Aliona ni uvivu, kwamba hawakumwagilia, akawaamuru wapige magoti juani mbele ya paredi. Watoto wadogo, soksi zimeshuka, wengine wakilia bila kujua wamekosa nini.

Nilikuwa bado natafuta ujasiri niliposikia viatu vya Mutheu vikitoka kwenye mstari.

"Mwalimu, walimwagilia," alisema. "Ni maji yenyewe. Kila Jumanne ni mekundu. Mimi ndiye niliandika uongo. Ni rangi ya mama yangu."

Mwalimu Wekesa alilichukua daftari, akalifungua, akalifunga. Kisha akaenda kwa wale wadogo akawainua mmoja mmoja kwa mkono, akisema, "Nimewakosea. Mnisamehe." Wenzangu wa rika langu, nyinyi mnajua mwalimu kuomba msamaha wakati ule lilikuwa jambo la namna gani. Nafikiri hata mwalimu mkuu aliangalia kwingine kwa aibu.

Jioni mimi na Mutheu tulimpeleka Mwalimu Wekesa kwa Mama Mutheu. Alitukaribisha kwa chai, akasikiliza huku akisuka, mikono haisimami.

"Mwalimu, unataka watoto wangu wale nini? Hizo nyuzi nyeupe zisizouzika bila rangi?"

"Sijakuja kukukataza kazi, mama. Nimekuja kukuonyesha."

Akampa daftari. Mama Mutheu hakusoma sana, lakini mwandiko wa bintiye aliujua. Alipitisha kidole kwenye kurasa. "Hapa umeandika nini?"

"Kahawia," Mutheu alisema.

"Na ilikuwa nini?"

"Nyekundu, mama."

Kiondo kikashuka magotini. "Ulidanganya kwa sababu yangu?" Mutheu akaitikia kwa kichwa. Mama yake akalifunga daftari, akamrudishia mwalimu.

Kuanzia hapo alitumia maji yaleyale ya rangi mara tatu nne mpaka yakapauka, na yaliyobaki akayamwaga kwenye shimo alilochimba juu, mbali na kijito. Jumamosi alikuja shuleni na jembe lake na miche mipya, akapanda upya kitalu chote huku akiwafokea darasa la kwanza kwa mapenzi. Mutheu hakuacha shule. Ni muuguzi leo, na mwandiko wake umeharibika.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Nao wana chama cha mazingira, na mto wanauchunguza kwa simu, alinieleza akiwa amelala kwenye kochi langu.

"Mathe, unapiga picha moja tu, inakwambia kila kitu."

"Inanusa?"

"Aah, mathe, hayo mambo yenu ya kitambo."

Jumapili iliyopita nilimlazimisha tushuke hadi kijito kile. Alilalamika kuhusu viatu vyake vyeupe njia nzima. Alipiga picha, simu ikasema hali ni mbaya sana, na ilisema kweli. Nilimuuliza ni nani anayemwaga uchafu. Akainua mabega. "Hiyo haionyeshi."

Nikatazama juu, tulikokuwa tukipita mimi na Mutheu nyumba kwa nyumba tukisalimia. Siku hizi ni magorofa yamebanana, ukuta wa mawe na geti la chuma. Nilitaka kumwambia twende tukabishe hodi. Lakini nilisimama pale nikijaribu kukumbuka jina la hata mtu mmoja anayeishi nyuma ya ukuta ule, na sikulipata.