Mwalimu Sophia na Kijana Aliyeuliza Miaka ya Kuzaliwa

Saa moja na robo asubuhi. Mafundi wanaingia katika karakana ya shirika moja la umma, mtaa wa Gerezani. Wengine bado wanatafuna mihogo ya kuchoma. Nje ya lango, mwanamke aliyefunga khanga juu ya gauni lake la kazi amesimama pamoja na kijana mrefu asiyemtazama mtu usoni.

"Anayekuja ni nani?" mwanamke anauliza kwa sauti ya chini.

"Ignasi. Elfu moja mia tisa ishirini na tatu."

"Basi?"

"Shikamoo!" kijana anatamka, macho yake yakiwa kwenye bawaba ya lango.

"Marahaba, baba. Leo umeniwahi hata sijakohoa," anajibu Mzee Ignasi, fundi wa kukereza vyuma, na kupita akicheka.

Mwanamke huyo ni Sophia Mwinyimvua, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, mwalimu wa utunzaji wa stoo katika chuo kimoja cha jioni cha Ilala. Kijana ni Zahoro, miaka ishirini na sita, mwanafunzi wake wa mwaka jana. Leo, siku hii ya Septemba 1977, miezi mitatu ya majaribio ya Zahoro inakwisha. Saa nne kamati ya wafanyakazi itakaa kuamua kama athibitishwe kazini au arudi kwao Magomeni.

Kazi yenyewe haina ubishi. Zahoro anajua namba za bearingi, fani-belti na oil-sili zote zilizomo stoo, na rafu ya kila moja.

"Zamani dereva alikuwa anangoja kipuri kutwa nzima, na kipuri kimo humu humu ndani," anasema Ndugu Elieshi, mkuu wa stoo. "Sasa ni dakika tatu. Kwa kazi sina la kusema. Tatizo langu ni adabu."

Vijana kama Zahoro wamo katika nyumba nyingi za jiji hili. Wapo madaktari wenye jina la kitaalamu kwa hali yao, lakini jina hilo halijafika mitaani. Mtaani huitwa mazezeta, au husemwa wamekaliwa na majini. Mama yake Zahoro, Bi Zena, alizunguka kwa waganga miaka tisa.

"Kila mganga alinipa jini lake," anasema Bi Zena. "Mwalimu Sophia peke yake ndiye aliyeniuliza mtoto anapenda nini."

Mwalimu Sophia mwenyewe hadai utaalamu wowote. Alianza kama karani wa stoo, akasoma madarasa ya jioni mpaka akapata cheti, kisha akaajiriwa kufundisha. Mwaka 1971 alikuwa na mwanafunzi ambaye hakuwa akiitika jina lake lilipoitwa. Chuo kilikuwa tayari kumfukuza kwa utoro, ingawa kila jioni alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele.

"Siku moja nikamwita kwa majina yake yote matatu, kama yalivyoandikwa kwenye fomu," anakumbuka. "Akaitika. Kumbe alikuwa anangoja aitwe yeye, si mtu mwingine mwenye jina kama lake. Nililia. Nikajiuliza, tumewafukuza wangapi?"

Kijana huyo sasa anajalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji. Tangu wakati huo mwalimu amepokea vijana wanane wa aina hiyo. Wanne wako kazini. Wawili waliacha masomo. Wa saba ni Zahoro, na wa nane bado hajaanza kazi.

Kwa mshahara wa shilingi 720 kwa mwezi, mwalimu Sophia hulipwa kufundisha jioni tu. Asubuhi ni zake. Hutoka kwa miguu chumbani kwake Kariakoo kwenda kusimama na wanafunzi wake mahali pao pa kazi mpaka wazoee. Zahoro alipokuwa chuoni hakuweza kufanya mtihani chini ya feni inayolia, basi mwalimu akamwombea chumba kisicho na feni. Hapa karakana aliomba meza yake isogezwe mbali na mashine ya kunoa vyuma. Yote mawili alikubaliwa.

Salamu ndiyo iliyomshinda.

Wiki ya kwanza Zahoro alikuwa anaingia kazini bila kumwamkia mtu. Wazee wakanung'unika. Mwalimu akampa kanuni moja iliyo wazi: shikamoo humwendea aliyekuzidi umri. Zahoro akaipokea kanuni kama anavyopokea kipuri. Alitaka kujua mahali pake hasa. Akapita karakana nzima na daftari, akimwuliza kila mtu mwaka na mwezi aliozaliwa.

"Mimi nilimwambia hayamhusu!" anasema Hyasinta, mpishi wa kantini, huku akicheka. "Akasimama pale pale, sufuria linachemka. Nikaona huyu haondoki. Nikamtajia. Mume wangu mwenyewe hajui!"

Kisha ikafika zamu ya Ndugu Elieshi. Mbele ya madereva sita, Zahoro alilitazama daftari lake na kumwambia mkuu wake wa kazi: "Wewe ni wa Oktoba. Mimi ni wa Agosti. Mwaka ni ule ule, mimi nimekutangulia. Wewe ndiye wa kuniamkia." Akangoja aamkiwe.

Madereva walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kwa wiki nzima Ndugu Elieshi akipita walikuwa wakimwuliza, "Mkuu, umeshamwamkia kaka?" Ndipo akaandika barua kwa kamati.

Saa nne kamati inakaa kantini. Ndugu Elieshi anasema yake kwa utulivu. Mwalimu Sophia anasimama.

"Kosa ni langu, ndugu zangu," anasema. "Nilimpa nusu ya kanuni. Sikumwambia kwamba tunatazama cheo pia, na kwamba walio rika moja hawadaiani shikamoo. Sikumwambia kwa sababu hata mimi sikuwahi kufundishwa. Nilikua nayo tu. Yeye hakukua nayo."

"Yeye mwenyewe anasemaje?" anauliza mwenyekiti.

Zahoro anatazama meza. "Sikutaka kukosea," anasema. "Ningekosea wangesema sina adabu."

Mzee Ignasi, mmoja wa wajumbe, anakohoa.

"Miaka thelathini nafanya kazi na vijana," anasema. "Wananiamkia bila kunitazama, mikono mfukoni. Huyu ameniuliza nimezaliwa lini apate kuniheshimu sawasawa. Elieshi, mwanangu, umetaniwa, hukutukanwa."

Ndugu Elieshi anafikicha macho, halafu anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka na jambo. "Kweli nilitaniwa," anasema. "Lakini na mimi mngenieleza mapema. Nilimpokea kama mwingine yeyote. Hakuna aliyeniambia niseme naye vipi."

Zahoro anathibitishwa, kura nane kwa moja. Anauliza kama anaweza kurudi stoo, kwa kuwa kuna dereva anangoja. Anaruhusiwa.

Nje, mwalimu Sophia hashangilii sana. Maneno ya Ndugu Elieshi yamemwingia.

"Miaka sita nawafundisha vijana kuishi na watu," anasema. "Watu sikuwafundisha kitu. Nilidhani mzigo wote ni wa mwanafunzi."

Mwanafunzi wake wa nane, Candida, anatarajiwa kuanza mwezi ujao katika kiwanda cha kushona sare. Safari hii, kabla Candida hajakanyaga kiwandani, mwalimu anataka kukaa na msimamizi na mafundi watakaokuwa karibu naye, Jumamosi mbili mfululizo, na amemwomba mkuu wa chuo darasa la kuwapokea. Jibu bado. Ndugu Elieshi amekubali kuja kusimulia yaliyompata.

Na Zahoro je, atakuja?

"Nilimwuliza," anasema mwalimu. "Akanijibu kwamba watu wakitaka kujua jambo lake, wamwulize mwenyewe, asubuhi, kabla mashine hazijawashwa. Basi nitawaambia hivyo hivyo."