Rangi Iliyokataa Kukauka

Siku niliyomwona bibi Lempi Kangas kwa mara ya kwanza alikuwa amesimama dukani kwetu, mbele ya rafu ya rangi za injini, anasoma makopo kwa kuyasogeza karibu na pua. Ilikuwa Februari, ziwa limeganda, na watu wanne walikuwa kwenye foleni wakisubiri betri. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta. Sikusoma zaidi ya shule ya msingi, lakini rangi za magari nazijua. Kinachonitoa jasho ni kuongea na watu.

Habari zake nilizisikia tangu utotoni. Machi ya mwaka 1947 kaka yake, Reino, alikuwa anavuka ziwa kwa Ford yake ya mwaka 1940, barafu ikapasuka hatua mia moja tu kutoka nyumbani kwao. Lempi alilala kifudifudi juu ya barafu, akaingiza mikono majini mpaka mabegani, akatafuta. Gari lilivutwa nje siku ya tatu. Reino hakuwemo, wala hakuonekana tena. Tangu hapo vidole vya Lempi havihisi kitu, na gari lilikaa bandani kwake miaka thelathini na miwili.

Siku ile dukani alitaka rangi ya injini ya gari hilo: kijani iliyokolea, kama ilivyotoka kiwandani, na alitaka inayovumilia moto kuliko zote. Kijani tulikuwa nayo ya aina mbili: ya digrii mia tano na ya digrii elfu moja na mia mbili. Akachukua ya elfu moja na mia mbili. Nilijua hiyo ni ya mabomba ya ekzosi. Haigandi mpaka iunguzwe kwa moto mkali ambao mwili wa injini haufikii kamwe. Ukiipaka pale inabaki laini. Iliyomfaa ilikuwa ile ya mia tano. Nikafungua mdomo.

Harju, mgawa barua, akaniwahi. "Lempi, hiyo injini unaipaka rangi au unataka kuokea mkate?"

Lempi akamjibu kwamba mkewe anaoka kila siku na bado yeye amekonda kama mpini wa ufagio. Watu wakacheka, na kicheko hakijaisha Lempi alikuwa amelipa na kutoka. Nikageukia foleni ya betri.

Mwezi mmoja baadaye mpwa wake, Irja, alikuja dukani kununua taa, akanieleza bila hata kuulizwa. Alitaka kumhamishia shangazi yake mjini, maana nyumba ile ilishamshinda. Lempi alikubali kwa sharti moja: injini ya Reino, iliyokwisha kutengenezwa upya, iwake mpaka ipate moto. Siku itakapopata moto, alisema, ndipo Reino atakuwa ameondoka ndani yake. Kwa vidole hawezi kujua, na mshale wa kupima joto ulikufa majini, kwa hiyo anasubiri rangi. Kopo limeandikwa kwamba rangi itakauka ikipata moto. Anaiwasha kila siku saa tano asubuhi, na kila siku akiifuta kwa kitambaa, kitambaa kinatoka na kijani. Vifuniko vidogo vya injini alivifungua akavipeleka sauna, kile chumba chake cha mvuke, Jumamosi tatu mfululizo, akachochea kuni mpaka mawe yakawa mekundu. Vikatoka vinanata.

"Sasa anashinda bandani, anamgombeza Reino," Irja akasema. "Juzi nimemkuta nyusi zimeshika barafu. Nitamzika kabla sijamhamisha."

Kesho yake mchana nilikwenda kwa Lempi, kopo la digrii mia tano nimelificha ndani ya koti. Injini niliisikia tangu barabarani. Milango ya banda ilikuwa wazi ili moshi utoke. Lempi alikuwa kitini, pembeni yake kuna mkate wa iliki na vikombe viwili vya kahawa, vyote vimejaa. Hakunikaribisha hata kimoja. Chini ya injini sakafu ilikuwa imelowa, na maji yalidondoka polepole, ingawa sikuona bomba linalovuja. Palinuka matope ya chini ya ziwa.

Nilimwambia yote nikiangalia viatu vyangu. Nilimwambia kwamba rangi ile ni ya ekzosi, kwamba nilijua na nilinyamaza, kwamba hata akiiwasha injini mwaka mzima haitakauka.

"Kwa hiyo si Reino anayeizuia?"

"Si yeye, mama. Ni mimi."

Akatikisa kichwa. "Mwezi mzima namwita mkaidi, maskini." Halafu akanyoosha kidole kwenye injini. "Weka mkono. Mimi wangu umekufa, na shavu naogopa kuliweka. Niambie kama imepata moto."

Ilikuwa imepita saa saba; injini ilikuwa imeunguruma zaidi ya saa mbili. Nikaweka kiganja ubavuni mwake. Chuma cha wakati wa baridi nakijua, kinauma ngozi. Ubaridi huu haukuwa wa aina hiyo. Ulikuwa ubaridi wa maji ya chini ya barafu, wenye unyevu, na ulitulia chini ya kiganja changu kama mtu anayesikiliza. Nilipouondoa mkono ulikuwa wa kijani.

Nikamfikiria Irja na zile nyusi zenye barafu.

"Ni moto," nikasema.

"Moto hasa?"

"Unaunguza, mama."

Akainuka kitini. Kisha akazima ufunguo, na katika ukimya ule yale maji yakaendelea kudondoka. Jumapili iliyofuata Irja alimchukua, na Lempi akaishi mjini miaka minne kwenye chumba chenye joto. Sikuwahi kwenda kumwona, niliona haya. Kwa hiyo maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa yale aliyosema pale bandani, akifunga kitambaa chake kichwani:

"Hujui kudanganya, mwanangu. Lakini umesema kwa sauti, na Reino amekusikia."