Ushuru wa sigara ulivyoniumbua stesheni ya Isaka mbele ya Kabula

Wakuu, salaam. Naandika polepole, shule yangu iliishia la saba. Ila haya yalinikuta, siongezi chumvi.

Miaka ya themanini mwanzoni nilikuwa kijana pale Isaka, mwenye aibu ya kupindukia. Kabula alikuwa anauzia abiria wa treni karanga. Nampenda, lakini nikimkaribia ulimi unaganda.

Dawa yangu ikawa sigara. Mtu anayevuta hatakiwi kuongea, si ndiyo? Nilikuwa naegemea ukuta wa stesheni, nakunja jicho, najiona mtu wa maana.

Kumbe nilifanana na mtu aliyeingiwa na mdudu jichoni.

Bajeti ikasomwa redioni. Kesho yake nikaenda dukani kwa Mzee Masanja.

"Shikamoo. Nipe moja."

"Marahaba. Ushuru umepanda, hela hiyo haitoshi."

"Basi nusu."

"Nusu ya sigara? Nikukatie kwa shoka, mwanangu?"

Duka zima likacheka.

Wafanyakazi wa reli walinung'unika, wakaendelea kununua. Sisi vijana tusio na mshahara tukaanza kupokezana sigara moja, kisha wenzangu wakaacha mmoja mmoja.

Mimi ningeachaje? Luhende, mpakia mizigo, alishaanza kumbebea Kabula ungo wa karanga. Tena yule alijua kuongea!

Nikachukua tumbaku ya babu. Ile ya kiko, ambayo wazee huvuta kidogo na kupuliza. Nikaisokota kwenye gazeti, nikasimama ukutani kwangu, nikavuta mpaka kifuani.

Wakuu, stesheni ilizunguka.

Nilikohoa, nikapepesuka hadi alipokuwa Kabula, nikapiga magoti, nikatapika karibu na ungo wake. Abiria wakachungulia madirishani. Luhende alicheka hadi akakaa chini.

Kabula akaniletea maji. "Kumbe huyu ana sauti!" akasema. "Unaitwa nani?"

Sigara sina, ukuta uko mbali, na heshima imeshamwagika. Nikamwambia jina. Kisha ukoo, kisha ng'ombe wa baba, mpaka treni ikaondoka hajauza kitu.

"We kaka, hebu nyamaza kidogo," akasema akicheka.

Somo nililopata: kijana asiye na kipato, bei humshinda kabla ya mawaidha. Nami nilikuwa nanunua pa kujificha tu.

Hadi leo bajeti ikisomwa, mama watoto huongeza sauti ya redio, halafu ananitazama.

Ndiyo, ni Kabula.

Nyie bei iliwaachisha nini? Semeni, na kucheka ruksa.