Palipoandikwa "Mama"

Umeme ulikatika kompyuta yetu ikiwa katikati ya kujisasisha. Uliporudi, kompyuta haikurudi nao. Ikawa inawaka, inaonyesha alama yake, inazima, inawaka tena. Mke wangu alishauri niipeleke kwa fundi wa hapa hapa Utemini. Nikamjibu kwamba mtu mwenye shahada mbili hawezi kushindwa na kitu alichokinunua mwenyewe. Alirudi jikoni. Ameishi na shahada hizo miaka mingi.

Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Mwaka jana, katika wiki moja ya bidii ambayo haijajirudia, nilitengeneza nakala ya kompyuta nzima, kila kilichokuwamo siku ile, nikaiweka kwenye diski ya nje na kuifungia kabatini. Sasa nikaichomeka na kuamuru irejeshwe. Onyo likatokea: vyote vilivyopo vitafutwa, vitarudi vya tarehe ya nakala. Kazi zangu za karibuni zilikuwa salama kwenye barua pepe, kwa hiyo nikabonyeza ndiyo bila kusoma mara ya pili.

Mama yangu alikuwa pembeni anachambua mlenda, akisubiri. Alihamia kwetu kutoka Kintinku kifua kilipoanza kumsumbua, na kila mchana hutazama video za kwaya ya kanisa lake la huko, ambamo anaonekana mstari wa pili, akiimba kwa nguvu kuliko wa mstari wa kwanza. Hajui kutumia kompyuta, ila nilimfundisha jambo moja: bonyeza mara mbili palipoandikwa "Mama".

"Bado tu?"

"Imefika asilimia sitini, mama."

"Wewe hata kuzaliwa ulichelewa."

Ilipomaliza, kioo kikarudi kama kilivyokuwa mwaka jana, na picha ya shamba la alizeti nyuma yake. Nilijisikia daktari bingwa. "Karibu kwenye kiti, mama. Mgonjwa amepona." Kisha jirani akabisha hodi getini, nikatoka, nikatumia dakika kumi nzima kumsimulia nilivyoifufua kompyuta bila fundi.

Nilichosahau ni kwamba folda ya kwaya, ile niliyoiita "Mama", niliitengeneza baada ya nakala. Siku ya nakala, palipoandikwa "Mama" palikuwa na barua. Nilimwandikia dada yangu mkubwa anayeishi Mitundu, nikimwomba amchukue mama. Niliandika kwamba nyumba ni ndogo, kwamba siwezi kufanya kazi, kwamba anakohoa usiku kucha. Sikuituma, na baadaye niliifuta.

Niliporudi ndani nilimkuta amevaa miwani, kidole kikifuata mstari mmoja mmoja kwenye kioo, kama asomavyo Biblia. Alimaliza ukurasa kabla ya kuniangalia.

"Umeandika nakohoa usiku kucha," alisema. "Si usiku kucha. Ni alfajiri tu."

"Mama, hiyo ni ya zamani. Sikuituma."

"Mbona hukuituma?"

"Nilibadili mawazo."

Haikuwa kweli. Kabla sijaituma, dada alipiga simu kwamba mvua imeangusha ukuta wa chumba chake cha wageni. Barua ilikosa pa kwenda, ndiyo maana nikaifuta. Mawazo yalibadilika baadaye sana, kidogo kidogo, kwenye chai za asubuhi na maneno yake ya kuniumbua mbele ya mke wangu, na hakuna mahali nilipoyaandika. Ningekuwa nayo kwenye faili, ningemwonyesha.

"Umeandika vizuri lakini," alisema, akivua miwani. "Ada zetu hazikupotea."

Akarudi kwenye mlenda wake.

Video za kwaya zilirudi wiki iliyofuata, kwenye flashi iliyotumwa kwa basi kutoka Kintinku. Folda mpya nimeiita "Kwaya". Mama anatazama kama zamani, anaimba, ananitania. Mgeni akija hataona tofauti yoyote.

Ila siku hizi, kukikaribia kupambazuka, nasikia mlango wa uani ukifunguliwa taratibu. Anajifunga khanga mbili, anakwenda hadi kwenye banda la kuku, anakohoa huko kwenye upepo, kisha anarudi kulala. Nimemsihi mara tatu.

"Mama, kohoa ndani. Nje kuna baridi."

"Nani kakwambia nakohoa? Naangalia kuku."

Kuku wenyewe ni watatu, na muda huo bado wamelala.